JE, MTU AWEZA KUGEUKA MAHALI PEMBAMBA?



Mara nyingi tunapozungumza na watu juu ya kuacha njia mbaya, tunapata jibu moja tu: «Nataka kugeuka, lakini sina nafasi. Maisha yananibana.» Askari anayeomba pesa barabarani anasema hivyo. Mwalimu anayeuza pointi anasema hivyo. Mama wa soko mwenye kipimo cha uwongo anasema hivyo. Katika inchi yetu neno hili limekuwa karibu sheria, na watu wamelipa hata jina: Kifungu cha 15, maana yake kila mtu ajitafutie mwenyewe jinsi ya kuishi.

Basi tunauliza leo: Je, ufinyu wa maisha unamwondolea mtu wajibu wa kugeuka?

Swali hili tusilijibu haraka. Kuna wahubiri wanaosimama mahali papana na kuwapigia kelele watu walio mahali pembamba. Sisi hatutaki kufanya hivyo, kwa maana ufinyu si uwongo. Njaa ni ya kweli, kodi ya nyumba ni ya kweli, mtoto aliyefukuzwa shuleni kwa sababu ya pesa ni wa kweli. Mtu anayesema «ninabanwa» mara nyingi anasema kweli. Lakini swali linabaki: ukibanwa, ndiyo basi?

Sisi tunaoandika maneno haya tulifundishwa jibu na pikipiki, ndani ya garaji ya nyumba yetu. Msicheke. Bwana aliweza kumfundisha nabii kwa kinywa cha punda. Hawezi kukosa njia ya kumfundisha mzee wa Kanisa kwa chombo cha chuma.

HABARI YA USIKU ULE

Nyumba yetu iko Katuba, katika mji wa Lubumbashi. Ndani ya lupango mna chumba kidogo tunachokiita garaji, ingawa gari halijalala humo hata siku moja. Upana wake ni meta 2 na nusu, urefu wake meta 4, na mlango ni mmoja. Mlangoni tulijenga kizingiti kirefu cha simenti ili maji ya mvua yasiingie. Upande wa kushoto mama wa nyumba anapanga magunia ya makala anayouza. Upande wa kuume kuna bidoni za maji, mabati yaliyobaki tulipoezeka nyumba, na baiskeli isiyo na mnyororo ambayo kila mwaka tunasema tutaitengeneza. Katikati ndipo inapolala pikipiki. Ina urefu wa karibu meta 2 na uzito wa zaidi ya kilo 100. Pikipiki hiyo ndiyo inayolisha nyumba, kwa kuwa kijana wetu wa pili anabeba watu mjini kama manseba wenzake.

Jioni moja ya mwezi wa pili mvua ilikuwa inanyesha sana. Kijana alirudi amelowa mwili mzima. Kama desturi yake, alitaka kwanza kuigeuza pikipiki huko nje penye nafasi, kisha aiingize kinyumenyume, ili kesho yake itoke ikitanguliza kichwa. Sisi tulikuwa tumekaa barazani, pakavu. Tukamwambia: «Acha hayo! Ingiza tu hivyo hivyo, utaigeuza kesho.» Kijana akatii.

Usiku wa manane mjukuu wetu wa miaka 3 akashikwa na homa kali. Mwili ukaanza kutetemeka, macho yakapinduka. Umeme ulikuwa umekatika. Tukakimbia garajini na mwanga mdogo wa simu. Pikipiki ilikuwa imetia kichwa ukutani, mkia ukiangalia mlango. Tulijaribu mara moja kuivuta nyuma. Gurudumu likagonga kizingiti, likakataa kupanda, na miguu yetu ikateleza katika tope. Hapo hasira ikatushika. Tukasema: «Tutaigeuza humu humu!» Tukamwamuru kijana aingie upande wa ukuta, asukume mkia, na sisi tukakaza usukani kwa nguvu zote.

Chombo kizito hakigeuzwi hivyo. Kikaegemea, kikaanguka upande wa ukuta. Mguu wa kijana ukabanwa kati ya kikanyagio na matofali, naye akalia kwa sauti kubwa.

Na sisi tulifanya nini? Tunaandika kwa haya. Kabla ya kumwinua, tulimtukana. Tulimwita mjinga, mvivu, mtu asiyejua hata kuweka pikipiki ndani. Mama yake alisikia, wadogo zake walisikia, majirani walioamshwa na kelele walisikia.

Majirani wawili wakaingia. Hawakusema neno. Mmoja akatoa magunia matatu nje mvuani, mwingine akaweka ubao juu ya kizingiti. Wakaiinua pikipiki, wakaivuta nyuma polepole, mmoja akishika usukani na mwingine akishika mkia na kusema «njoo, njoo, simama, njoo». Ikatoka. Jirani mmoja akampakia mama wa nyumba na mtoto, wakaenda kituo cha afya. Ilikuwa malaria. Mtoto akatibiwa, akapona; sifa kwa Mungu.

Lakini mguu wa kijana ulivimba, na majuma matatu hakuweza kufanya kazi. Nyumbani chakula kikapungua.

GARAJI ILIYO NDANI YA MTU

Kesho yake asubuhi mama wa nyumba alituuliza neno moja tu: «Baba wa watoto, ni nani aliyemwambia aiingize hivyo?»

Tulijua jibu. Lakini hatukulisema. Siku ya kwanza ikapita, siku ya pili ikapita, juma likapita. Tulimpitia kijana barazani mguu wake ukiwa juu ya kiti, tukamwuliza kama amekula, tukaendelea na safari. Jumapili tulisimama kanisani na kuwaambia watu watubu.

Kwa nini hatukusema? Ilikuwa kukosa nafasi, wala si kukosa akili. Sisi ni baba. Katika desturi yetu baba hamwombi mtoto msamaha. Sisi ni mzee wa Kanisa. Watu watasema nini? Tena tuliogopa: kijana akisikia baba yake anakiri kosa, je, kesho atamtii? Kila sababu ilikuwa kama gunia la makala lililopangwa vizuri. Magunia hayo yalikuwa na faida, hatusemi yalikuwa mabaya. Heshima ya mzazi ni kitu chema, cheo cha Kanisa ni kitu chema. Lakini yalikuwa yamejaza garaji yote ya moyo, na katikati yake tulisimama tumetia kichwa ukutani.

Hapo tukafahamu kwamba si maskini peke yake anayebanwa. Mkubwa pia anabanwa. Kadiri mtu anavyozeeka na kupata heshima, vitu vinajaa kushoto na kuume, na nafasi ya kugeuka inapungua. Kijana akikosa, anasema «nisamehe» na kwenda kucheza mpira. Mzee akikosa, anatafuta njia ya kuonyesha kwamba hakukosa. Basi tusiseme tena kwamba Kifungu cha 15 ni cha watu wa barabarani tu. Sisi wazee tunacho chetu.

PUNDA WA BALAAMU

Someni wenyewe katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22. Balaamu alikuwa anakwenda safari isiyompendeza Mungu. Malaika akasimama njiani mara tatu. Mara ya kwanza palikuwa na nafasi. Punda akakimbilia shambani. Mara ya pili palikuwa kati ya kuta mbili za mashamba ya mizabibu. Punda akajisonga ukutani, na mguu wa Balaamu ukabanwa. Mara ya tatu palikuwa pembamba kabisa, pasipo nafasi ya kwenda kuume wala kushoto. Punda akalala chini. Na mara zote tatu Balaamu alimpiga punda.

Tazameni mambo mawili. La kwanza, Mungu hakungoja Balaamu afike mahali papana ndipo aseme naye. Nafasi ilikuwa inapungua kila mara, na ni pale palipokuwa pembamba kabisa ndipo macho ya Balaamu yalipofunguliwa. Kwa hiyo yule anayesema «nitageuka mambo yatakapolegea» anangoja mahali ambapo huenda malaika hatakuwapo. Yona naye aliomba ndani ya tumbo la samaki, na hatujui mahali pembamba kuliko pale.

La pili, mtu aliyebanwa na asiyetaka kugeuka humpiga aliye chini yake. Balaamu alimpiga punda aliyemwokoa. Sisi tulimtukana kijana aliyetutii. Mume asiye na kazi hupiga mke. Mkubwa wa ofisi aliyekemewa na wa juu yake hukemea mlinzi. Ukitaka kujua kama mtu amebanwa na kosa lake mwenyewe, angalia anampiga nani.

JINSI PIKIPIKI INAVYOGEUKA

Katika majuma yale matatu pikipiki haikuweza kulala bure. Ilitubidi sisi wenyewe kuitoa na kuiingiza, tukimpa mpwa wetu aendeshe mchana. Na hatukujua kuigeuza. Kijana alikuwa anakaa juu ya gunia, mguu umefungwa kitambaa, akituonyesha. «Papa, kidogo. Papa, usikaze. Papa, usisimame upande wa ukuta.» Ndivyo tulivyojifunza mambo manne, nayo tunawaandikia ninyi.

Kwanza, usiwashe moto wa injini ndani. Vijana wengi wanafikiri nguvu ya injini itawasaidia kugeuza. Lakini moshi wa injini ndani ya chumba kilichofungwa ni sumu; sehemu yake inayoua haina rangi wala harufu, na mtu aweza kulala asiamke. Tena penye tangi la petroli mbabula isikaribie. Tukasema moyoni: ndivyo ilivyo kelele ndani ya nyumba. Usiku ule tuliwasha injini ya ulimi katika chumba kidogo, na wote waliokuwa ndani walivuta moshi ule. Haikugeuza kitu.

Pili, ondoa vitu. Kabla ya kugusa usukani, kijana alituambia tutoe baiskeli isiyo na mnyororo. Tulikuwa tumeishi nayo miaka minne tukilalamika kwamba garaji ni ndogo. Ilipotoka, nafasi ikaongezeka kwa hatua nzima ya mtu mzima. Watu wengi wanaosema maisha yanawabana wanabanwa kweli. Lakini katika kinachowabana mna pia baiskeli iliyokufa: deni la pombe, karamu ya kujionyesha, matanga yanayopita mfuko wa aliyefiwa, hofu ya maneno ya watu. Ondoa kwanza hiyo, ndipo utujulishe upana wa chumba chako.

Tatu, kidogo kidogo, mbele na nyuma. Unasimama upande wa kushoto wa pikipiki, unaiegemeza kidogo kwenye kiuno chako, mkono mmoja karibu na breki. Unakunja usukani kushoto mpaka mwisho, unasukuma mbele mpaka karibu na ukuta. Hapo unasimama. Unakunja usukani kuume mpaka mwisho, unavuta nyuma. Kila mara kichwa kinasogea kushoto kidogo tu, pengine upana wa kiganja. Anayetazama atasema: huyu mtu anafanya nini, anakwenda mbele, anarudi nyuma, hafiki popote? Lakini kila safari kichwa kimesogea. Mara ya nane, ya tisa, ya kumi, mlango uko mbele yako. Wako vijana wanaolaza pikipiki juu ya mguu wake mmoja wa pembeni na kuizungusha yote kwa mara moja. Inapendeza kuangalia. Lakini mguu ule unapinda, sakafu ina mafuta, na siku moja chombo kinamwangukia mtu.

Hapa ndipo tulipopata fundisho kubwa. Tunapenda toba ya mara moja, yenye machozi na makofi. Nayo iko, mtu aliye mahali papana aweza kugeuka kwa mara moja. Lakini aliyebanwa hugeuka kwa safari kumi ndogo. Juma hili ameacha pombe, juma lijalo amerudia, tena ameacha. Sisi tunaomtazama tunasema: huyu anadanganya. Tuangalie vizuri zaidi. Tusimpime kwa kurudi kwake nyuma. Tuulize kama kichwa chake kimesogea. Kikiwa kimesogea, tumtie moyo. Kama hakisogei, anakwenda mbele na kurudi nyuma katika mstari ule ule, hapo tumwambie kwa upendo: ndugu, hukunji usukani.

Nne, usigeuze peke yako. Aliyeshika usukani haoni mkia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lazima awepo mmoja nyuma wa kusema «bado», «simama», «sasa». Saulo aliyekuwa anakwenda Dameski alipogeuzwa na Bwana hakuweza hata kutembea peke yake. Wenzake walimshika mkono, na Anania akatumwa kwake. Katika nyumba yetu aliyesimama nyuma alikuwa mama, kwa swali lake moja. Hakulirudia. Lakini tulilisikia kila asubuhi.

MAHALI PASIPOGEUKIKA

Mtu atasema: «Ninyi mna meta 2 na nusu. Mimi sina hata moja.» Ni kweli. Kuna mahali ambapo pikipiki haigeuki hata ukiondoa vitu vyote na kuita watu kumi. Usiku ule pia majirani hawakuigeuza. Waliivuta nyuma, wakairudisha katika njia ile ile iliyoingilia, juu ya kizingiti, mpaka nje penye nafasi. Ndiyo njia ya pili.

Ni njia nzito kuliko ya kwanza, kwa maana unapita juu ya nyayo zako mwenyewe. Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, hakugeuka kwa kusema tu kwamba tangu leo atakuwa mwema. Alirudi katika njia aliyoingilia: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Aliyechukua kitu cha mtu hawezi kugeukia ndani ya nyumba iliyojengwa kwa kitu kile. Itampasa atoke kinyumenyume.

Tutoe mfano mdogo wa soko. Tuseme mama mmoja anauza unga kwa meka, na kitako cha meka yake kimebonyezwa ndani. Anajua. Anasema: «Wote katika safu yetu wana meka za namna hii. Nikiinyoosha peke yangu, bei yangu itapanda, wanunuzi watakimbia, watoto wangu watalala njaa.» Hatumwambii kwamba anadanganya. Tunamwambia: mama, anza na kiganja kimoja. Nyoosha kitako nusu mwezi huu, nusu mwezi ujao. Waambie wanunuzi wazi kwamba meka yako imejaa, na bei yake ni hii. Tafuta mwenzako mmoja katika safu akubali pamoja nawe, ili msiwe wapumbavu wa peke yao. Na wale uliowapunja? Huwajui wote. Lakini majirani zako unawajua. Waongezee matabishi juu ya kipimo, kila siku kidogo, bila kuwaambia ni zawadi, kwa maana si zawadi, ni deni. Siku moja utafika nje.

PAPA SIMON KIMBANGU

Katika mji wetu wa Lubumbashi hatuwezi kusema juu ya mahali pembamba tusimkumbuke Papa Simon Kimbangu, mjumbe wa Bwana Yesu. Yeye mwenyewe alijua kugeuka ni nini. Alipoitwa mara ya kwanza hakutaka. Alikwenda Kinshasa kutafuta kazi, kisha akarudi N'Kamba, na tarehe 6 Aprili 1921 kazi ya Mungu ikaanza. Mwezi wa 6 wa mwaka ule askari walipokuja kumkamata, aliponyoka. Mbele yake palikuwa na msitu na vijiji vya watu waliompenda. Nafasi ya kukimbia ilikuwapo. Lakini katika mwezi wa 9 alirudi N'Kamba mwenyewe na kujitoa. Tarehe 3 Oktoba 1921 baraza la vita la Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, likamhukumu afe. Mfalme wa Ubelgiji akaibadili hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa Élisabethville, ndio mji huu tunaokaa, akafungwa mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30.

Tunajifunza nini? Kwamba mahali papana aligeuka kumwelekea Mungu, na mahali pembamba hakuna aliyeweza kumgeuza tena. Kwa hiyo ufinyu si bwana wa mtu. Kama ufinyu ungekuwa na nguvu ya kuamua mtu aangalie wapi, miaka 30 ya gereza ingetosha. Yeye alibanwa kwa sababu ya haki; sisi mara nyingi tunabanwa na magunia tuliyopanga wenyewe. Tusichukue mateso yake kuwa kinga ya uvivu wetu.

TULIVYOGEUKA SISI

Tumalize habari yetu, msije mkadhani tunawafundisha ninyi peke yenu.

Hatukugeuka kwa mara moja. Siku moja, tukisukuma pikipiki mbele na nyuma, tulimwambia kijana: «Pole kwa mguu.» Akajibu: «Asante, Papa.» Ilikuwa kiganja kimoja. Siku nyingine tukasema: «Jioni ile ulitaka kuigeuza.» Akanyamaza. Hapo tukarudi nyuma tena, tukaongea juu ya bei ya petroli. Juma la tatu, mama yake akiwapo, tukasema lote: «Mwanangu, ni sisi tuliokuambia uiingize vile. Kosa lilikuwa letu, matusi yakawa juu yako. Utusamehe.»

Kijana alitazama chini muda mrefu. Kisha akasema: «Papa, majirani bado wananiita yule asiyejua kuweka pikipiki.»

Neno lile lilituchoma. Tulikuwa tumegeukia ndani, lakini tulikuwa bado hatujavuka kizingiti. Matusi tuliyasema watu wakisikia. Msamaha tuliuomba mlango ukiwa umefungwa. Basi tukawaita majirani wale wawili, tukapika bukari, na mbele ya chakula tukasema mbele yao kosa lilikuwa la nani. Mmoja wao akacheka, akasema alijua tangu usiku ule. Ndiyo, ndugu: mara nyingi wale tunaoogopa wasijue wanajua tangu zamani, na wanangoja tu.

Je, kijana ameacha kutuheshimu? Tulikuwa na hofu hiyo, tuliisema juu. Jibu ni hili: sasa akikosa, anakuja kusema. Kabla ya siku ile alikuwa anaficha, kama alivyoona baba yake akificha.

GEUKA JIONI

Basi, swali letu lilikuwa: ufinyu wa maisha unamwondolea mtu wajibu wa kugeuka? Tunajibu: hapana. Ufinyu haukatazi kugeuka. Unakataza kugeuka kwa mara moja, kugeuka peke yako, na kugeuka bila kutoa kitu nje. Na pale ambapo hapageukiki kabisa, kinyumenyume pako wazi.

Kuna neno la mwisho, nalo kijana alilijua kabla yetu. Wakati mwema wa kugeuza pikipiki ni jioni, nje, kabla ya kuiingiza. Umechoka, umelowa, unataka kulala. Lakini dakika mbili za jioni zinaokoa usiku mzima. Mtume Paulo anawaonya Waefeso jua lisitue na hasira ingali moyoni. Tunaelewa sasa maana yake. Ugomvi wa mume na mke, neno baya ulilomwambia mtoto, deni ulilomkana ndugu: ukiliingiza ndani ya usiku limetia kichwa ukutani, hujui usiku huo nani atashikwa na homa.

Leo jioni, kabla ya kufunga mlango, kila mmoja aangalie kichwa chake kimeelekea wapi. Na kama kuna anayesimama mvuani akitaka kugeuka, sisi tulio barazani pakavu tusimwambie «acha, utageuka kesho».

Upendo, Amri na Kazi vikae nanyi. Bwana wetu Yesu Kristo awabariki. Amina.